Radhi ya Mtoto Haisihi

Bi Mwanamize binti Silima wa Chokocho alikuwa hamwogopi mtu. Na kuheshimu pia alikuwa haheshimu ovyo. Pale kijijini aliowaona wanastahiki hawakuzidi watatu, na wawili walikuwa wameshakufa. Kazi yake ilikuwa makumbi ya nazi. Akiyafukia pwani, akiyafukua yakishaoza, akiyapiga na kusuka kamba. Kusoma alikuwa hajui. Alipokuwa mdogo alitiwa chuoni kusoma Kurani siku kumi na saba, ya kumi na nane akatiwa falaka, miguu ikafungwa kamba, akapigwa nyayo mpaka akarudi kwao kwa magoti. Basi, ikawa ndiyo mwisho. Katika khitma za watu alifuata zile sura alizozishika kwa kusikia, na msahafu ukimfikia mkononi huubusu akampa wa pili yake. Hakuna aliyemcheka, maana aliyejaribu angejuta.

Ndiyo sababu alitaka mjukuu wake Moza asome mpaka ahitimu. Kitu kingine katika dunia hii alikuwa hakitaki.

Chuo chenyewe kilikuwa cha Mwalimu Kificho, nyuma ya uwa wa Bi Mwanamize, ukuta wa makuti tu kati yao. Mwalimu Kificho alikuwa mtu mfupi wa kilemba kikubwa. Alikuwa na fimbo ya henzirani ya vidole, kikoto cha mgongo na kamba ya falaka, na vyote hivyo alivitundika ukutani kama mtu anayetundika picha za wazee wake. Wanaume wa Chokocho wakimsifu kwa hayo. Chuo walikipima kwa kilio, kama mpumbavu anayepima utamu wa mchuzi kwa wingi wa moshi. Kila baba alipompeleka mtoto alisema, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu," akarudi zake barazani amefurahi kama aliyetua mzigo. Na Bakar, baba yake Moza, mtoto wa kumzaa Bi Mwanamize mwenyewe, naye alisema hivyo hivyo.

Miaka mitatu kabla ya vita vya pili vya Mjerumani, wino ulimwagika chuoni juu ya mswala wa Mwalimu. Siku hiyo zamu ya kusaga masizi ya wino ilikuwa ya Moza, msichana wa miaka tisa, na mikono yake ilikuwa myeusi. Mwalimu hakuuliza. Alishika henzirani akampiga vidole, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kikavunjika. Kilipona kimepinda, na Moza akasema chuoni harudi, hata achinjwe.

Bi Mwanamize alimwita Bakar.

"Ulisema mifupa yako?"

"Ndivyo inavyosemwa, mama."

"Haya, mfupa wako mmoja huu, umevunjika. Kaudai."

Bakar akatazama miguu yake. "Mama, mwalimu ni mwalimu."

"Na kondoo ni kondoo," alisema Bi Mwanamize, akarudi kwenye makumbi yake.

Mwaka wa pili yake mikarafuu ilizaa vizuri, na Mwalimu Kificho akatia nia ya kwenda kuhiji. Mtu hawezi kwenda Makka na haki za watu shingoni, kwa hivyo alipita nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Alikuwa akimaliza nyumba tano kwa asubuhi moja. Watu waliokuwa hawamsalimu wakilia na kumkumbatia, maana watu wanapenda sana kusamehe mbele ya watu. Kwa Bi Mwanamize alifika mwisho.

"Hodi! Sabalkheri, Bi Mwanamize."

"Sabalkheri. Kaa hapo penye makumbi, mkeka umeanikwa."

Mwalimu akakaa, kanzu ameikusanya. "N'na safari ya kuhiji, inshallah. Nimekuja kutaka radhi, kama nilikukosea kwa neno au kwa tendo."

"Mimi hujanikosea. Nani wewe hata unikosee mimi?"

"Alhamdulillahi." Akainuka.

"Kaa. Moza! Njoo hapa, na mkono wako uje nao."

Moza akaja, akasimama nyuma ya bibi yake.

"Bakar keshanisamehe," alisema Mwalimu.

"Akusamehe kidole cha Bakar. Hiki si chake."

Mwalimu akakohoa. "Mwanangu Moza, mwalimu wako alikuadhibu kwa kukutakia kheri..."

"Ala! Hiyo nayo ndiyo toba? Na kanzu?"

"Kanzu gani?"

"Yako. Wino uliupiga wewe kwa pindo la kanzu yako ulipogeuka. Nilikuona ukitoka alasiri, nyuma kweusi kama chungu. Kesho yake Bi Mwanawema mkeo alikuwa kisimani anaisugua kwa ndimu. Nilimwambia ndimu haitoi masizi."

Mwalimu alilikunja pindo la kanzu yake. Kisha akasema, "Nilijua magharibi, nilipovua."

"Na asubuhi ukawaambia nini watoto?"

"Sikuwaambia. Mwalimu akisema nimekosa, watoto watamfuata nani?"

"Kwani sasa wanakufuata? Wanakukimbia tu, na wewe unadhani ni adabu kwa kuwa hawapigi kelele."

Mwalimu akamgeukia Moza. Safari hii hakukohoa. "Kosa lilikuwa langu, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Moza mbio mbio, ili aondoke.

Uso wa Mwalimu ukakunjuka. Alishafika kwenye mlango wa uwa alipoitwa.

"Mwalimu! Jumatatu uliwasomesha nini?"

"Jumatatu?"

"'Mtoto asiyebaleghe, kuuza kwake hakusihi, kutoa kwake hakusihi, na haki yake akiisamehe, radhi yake haisihi.' Umeisema mara tatu, na Jaribu ukamchapa kwa kuwa hakuishika. Mimi nipo huku napiga makumbi yangu, nimeishika."

Mwalimu Kificho alisimama pale mlangoni kama aliyesahau njia ya kwake. Siku ya pili alikwenda Mkoani kwa shehe, akitumai kupata mlango wa nyuma. Shehe akamwambia ni hivyo hivyo: radhi ya mtoto haipiti, na hata baba mtu hawezi kuisamehe haki hiyo. Amfanyie mtoto wema, angoje akue, kisha amtake radhi. Halafu shehe akamuuliza jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiri: "Wako wangapi uliowapiga kwa dhulma?" Mwalimu alihesabu kwa vidole, vikaisha, akahesabu tena. Waliokwisha kukua alishawataka radhi nyumba kwa nyumba; waliobaki walikuwa thelathini na mmoja, na hata mmoja hajabaleghe.

Tangu hapo hakuthubutu kuinua fimbo, maana kila aliyempiga angekuwa radhi moja zaidi na miaka kadhaa ya kungoja. Wala si huruma iliyomzuia, jamani, tusidanganyane. Watoto walipoona fimbo hazishuki ukutani, wiki ya kwanza walimstahi, ya pili wakampanda kichwani. Mwalimu akaja tena uwani.

"Bi Mwanamize, umenifunga mikono. Nitafanyaje mimi?"

"Miaka yote hiyo mwalimu, na kazi hujui ila kupiga! Hata punda wa mchukuzi ana jambo la pili." Akajifuta mikono. "Moza atarudi, na mimi nitakaa mumo humo chuoni na kamba yangu. Ukimgusa nitakuona."

Moza alirudi kwa sharti la kukaa ubavuni mwa bibi yake, na siku ile ile ukazuka ugomvi. Jaribu, mtoto wa Nyange, aligombania mahali na msichana aitwaye Hija, akamchania juzuu yake. Mwalimu mkono ulimwendea ukutani wenyewe, akaurudisha.

"Jaribu," alisema Bi Mwanamize, "umefanya nini?"

"Nipigeni tu, Bi, niende zangu."

"Umemsikia, Mwalimu? Hiyo ndiyo elimu uliyomsomesha. Anapigwa, anakung'uta kanzu, kamaliza, na juzuu ya mtoto wa watu bado imechanika." Akamgeukia Jaribu. "Ukivunja mtungi wa jirani, jirani anakunywa kilio chako? Anataka maji. Hija, sema, umepata hasara gani?"

Hija alisema juzuu ile ilikuwa ya marehemu mama yake. Alisema polepole, na chuo kizima kikasikiliza. Jaribu, aliyekuwa akipigwa kila wiki bila ya kutoa chozi, alianza kulia kabla Hija hajamaliza.

Siku hiyo alipika uji wa muhogo akaigandisha juzuu ukurasa baada ya ukurasa, Hija kamsimamia. Kurasa mbili zilikuwa zimechukuliwa na upepo; hizo Hija alizisoma katika juzuu ya Jaribu, wamekaa bega kwa bega, mpaka zilipopatikana nyingine kutoka Unguja. Hija alipoulizwa anataka nini zaidi alisema, "Akishamaliza, anikalie mbali." Akapewa.

"Na wewe Mwalimu," alisema Bi Mwanamize, "unawaona wanagombania mahali tangu Jumamosi. Mkeka mmoja, watoto thelathini. Hilo kosa la nani?"

Mwalimu alileta mkeka wa pili kutoka nyumbani kwake. Ugomvi wa mahali ukaisha, kitu kilichoishinda henzirani miaka yote.

Asidhani mtu kuwa Bi Mwanamize alikuwa mpole. Aliyeiba kalamu ya mwenziwe alichonga tano, na aliyesema uongo alisimama akausema ukweli mbele ya yule aliyemsingizia, na Bi Mwanamize hakumpunguzia hata neno. Wako waliosema afadhali fimbo. Lakini watoto waliacha kujificha kwenye mikoko, na asubuhi walifika kabla ya Mwalimu. Wanaume barazani hawakupendezwa. Nyange, baba yake Jaribu, alisimama njiani akauliza, "Chuo gani hiki hakina kilio?"

"Kilio ukikitaka," alijibu Bi Mwanamize, "nenda matangani. Mtoto wako yumo katika Yasini. Wewe uliachia wapi?"

Nyange aliachia mbali sana nyuma ya hapo, na watu walijua.

Moza alihitimu akiwa na miaka kumi na mbili. Aliusoma msahafu mzima mbele ya bibi yake, na bibi yake akaupokea, akaubusu, safari hii hakumpa wa pili yake.

Mwaka wa pili yake Moza alivunja ungo. Vita vilikuwa vimeshaingia, na meli ya kwendea Jidda haikuwapo tena. Bi Mwanamize alipeleka habari kwa Mwalimu kwamba mwenye haki yake ameshakuwa mtu mzima, akajisemea moyoni: hatakuja huyu, safari hana, radhi ataifanyia nini.

Mwalimu alikuja siku ile ile. Tena hakuja uwani. Alimwomba Moza aende chuoni, na mbele ya watoto wote, kilemba amekivua, akaeleza habari ya wino na kanzu yake mwenyewe, na kwamba alijua akanyamaza. Kisha akataka radhi.

Moza hakujibu mbio safari hii. "Nipe siku tatu, Mwalimu," alisema.

Barazani ilikuwa ghasia. Ati mwanamke wa jana amngojeshe mwalimu! Mwalimu alingoja, akakonda. Siku ya tatu Moza alikwenda akamwambia, "Nimekusamehe, na sasa inasihi." Mwalimu akalia. Bi Mwanamize akatazama pembeni, kwani machozi ya wanaume aliyaona ni kupoteza maji, lakini kauli ya mzaha aliyokuwa ameiweka tayari hakuitoa.

Akafuata Hija, kisha Jaribu, kila mmoja kwa wakati wake. Wako waliosamehe papo hapo, mmoja alimngojesha Ramadhani nzima. Vita vilipokwisha na meli zikarudi, watu walimuuliza Mwalimu mbona hafungi safari.

"Bado sita," alisema. "Mdogo wao hajabaleghe."

Bakar alimwonea huruma, akamwambia mama yake, "Masikini, si angekwenda tu?"

"Mwache angoje," alisema Bi Mwanamize. "Ndiyo kwanza anasoma."