Doti Moja, Vipande Viwili

Watu wa mtaa wetu wa Mishomoroni, wallahi, miaka ile ya tisini walikuwa na jibu moja kwa kila kitu: pepo. Shangazi yangu ana pepo, na binamu yangu, binti wa ami, naye ana pepo. Tena ati ni yule yule mmoja, wapungwe siku moja tupumzike. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nikiishi nao nyumba moja, na mambo yao hayakufanana hata kidogo.

Shangazi alikuwa na misimu. Akipanda, alipanda mwezi mzima: halali, aimba, akubali kupika arusi tatu za wiki moja, na pilau itoke sawa, sijui vipi. Akishuka, alishuka wiki na wiki, kageukia ukuta, hasemi na mtu, na hakuna aliyemkosea. Binamu hakuwa na msimu. Asubuhi wewe ndiye roho yake. Adhuhuri umechelewa kurudi sokoni, basi umemtupa, wewe adui. Magharibi alia, akuomba usimwache. Mamake alimwacha mdogo, mchumba akamwacha akishakuwa mwanamwali, na mara hiyo alijaribu kujiua. Aliyembakia ni shangazi, na hofu yake ilikuwa hiyo tu: huyu naye ataniacha lini? Siku hizi naambiwa ugonjwa wa shangazi waitwa baipola, na wa binamu ni maradhi ya haiba, ya mtu kuishi na hofu ya kuachwa.

Mara moja shangazi, akiwa juu, alinunua doti ya leso akaikata, kipande chake, kipande cha binamu. Kwetu wanawake wakigawana doti wamekuwa kitu kimoja. Kumrudishia mwenzio kipande ni kumwambia tumemalizana. Binamu hakukivua chake ila kukifua.

Kisha msimu ukageuka, shangazi akalala. Binamu alimpelekea uji, hakujibiwa.

"Shangazi, nimekukosea nini?"

Kimya. Siku ya pili kimya, ya tatu kimya. Binamu akatia nguo zake kikapuni, akaitupa leso juu ya kitanda. "Chukua chako. Hutanitia machoni tena."

Nilijua maana ya maneno yale, nikakumbuka mara ile ya mchumba.

Shangazi wiki ile hata chooni nikimpeleka mimi kwa kumwinua. Akainuka. Akashika ukuta, pole pole, hadi mlangoni alipokuwa binamu. Akamzungushia leso na kuifunga fundo kifuani, kama afungwavyo mtoto. Fundo lilimshinda mara mbili.

"Nimezama," alisema. "Sijakuacha."

Akarudi kulala, akageukia ukuta vile vile. Nimesikia watu wengi wakisifiwa ushujaa. Mimi shujaa wangu ni yule mwanamke, kwa mwendo ule wa kutoka kitandani hadi mlangoni.

Binamu aliweka kikapu chini. Akapanda kitandani, akaketi nyuma ya mgongo wa shangazi. Maisha yake yote alikuwa akiwauliza watu kama watamwacha. Siku ile hakuuliza.

"Lala, shangazi," alisema. "Mimi siendi popote."