Tulivyomwapia Skolastika

Siku ya kwanza kuripoti kazini Namtumbo nilivaa suti ya kaka yangu. Mkuu wa shule, mtu wa Tanga aliyeletwa kwetu kwa uhamisho, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Wewe ndiye mwalimu wa historia?"

"Ndiyo, mkuu."

"Chaki ile pale. Suti hiyo utaifua kila siku."

Alisema kweli. Chaki ya enzi zile ilikuwa unga mtupu, ukitoka darasani unafanana na mtu wa mashine ya kusaga. Ninyi mnaoandaa vipindi kwenye simu hamuwezi kunielewa.

Sisi andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, tuliliandika kwa mkono. Nililolipenda kuliko yote lilihusu Waingereza wa kale, kabla Wanormani hawajawavamia. Wanafunzi walidhani Uingereza ilianza na magari. Nikawaambia, wale walikuwa wakulima kama baba zenu, wana watumwa, wana padri wa kuwahimiza kufunga Kwaresima. Mtu akituhumiwa wizi, anaapa kuwa hakuiba, kisha anatafuta majirani wa kuapa pamoja naye. Hao hawasemi waliona nini. Wanasema tu kwamba kiapo chake ni safi. Akikosa wa kumwapia, anashikishwa chuma cha moto, na baada ya siku chache padri anakagua mkono. Kidonda kikioza, ana hatia. Darasa zima lilinyamaza.

Muhula uleule karabai ya bwalo ikaibwa. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo bila taa ile hakuna kujisomea, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa mlangoni. Ufunguo wa bwalo alikaa nao Skolastika, kiranja, binti wa mkulima wa tumbaku. Alikana, lakini mkuu akasema anamfukuza. Kufukuzwa wakati ule ni kurudi shambani bila cheti, habari imeishia hapo. Roho iliniuma sana.

Asubuhi ya kuondoka kwake, wenzake wakaja ofisini, wamejipanga mstari. Mimi nilikuwa nimeitwa kushuhudia.

"Mnataka nini?" mkuu akauliza.

"Kumwapia Skola, mkuu."

"Mlimwona siku ile?"

"Hapana, mkuu. Tunamjua."

Mkuu akanigeukia. "Haya ndiyo unayowafundisha?"

"Ndiyo, mkuu."

Alikuwa mtu wa swala tano, na kiapo kwake si mchezo. Akatoa Msahafu wake, akaagiza na Biblia. "Kila mtu kwa dini yake. Lakini wallahi, ikibainika kaiba, mnaondoka naye nyote." Halafu akaniuliza, "Na wewe, mwalimu?"

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Niliweka mkono juu ya Biblia. Mwanafunzi mmoja alirudi nyuma, na simlaumu. Waliobaki wakaapa.

Skola akafanya mtihani, akafaulu, akasomea uuguzi. Karabai haijaonekana mpaka leo. Mimi nikahamishiwa Nakapanya, kisha Songea mjini. Wakuu walibadilika, muhtasari wa somo nao ukabadilika, Waingereza wangu wa kale wakaondolewa. Iliniuma, siwafichi. Hata sasa nikipita karibu na shule nikasikia darasa limenyamaza ghafla, natamani niingie.

Nilipostaafu, Skola alikuja nyumbani Ruhuwiko, mtu mzima mwenye wajukuu. Shikamoo, marahaba, tukakaa mezani. Mke wangu alikuwa amepika ugali na majani ya maboga. Skola hakugusa chakula.

"Mwalimu, miaka yote hii hujawahi kuniuliza kama niliichukua ile karabai."

"Sijakuuliza."

"Niulize leo."

Ningeweza kuuliza. Mkuu yule ameshafariki, hakuna wa kutufukuza tena. Nikamsogezea beseni la maji.

"Nilishaapa, Skola. Nawa mikono, tule."