Suti ya Mwanadamu Kamili

Itangazwe kwa viumbe wote wenye uti wa mgongo, wenye mikia na waliokwisha kuipoteza: baada ya mamilioni ya miaka ya kushuka mitini, kuchonga mawe, kupuliza moto na kugombana, maumbile yamekamilisha kazi yake. Mwanadamu kamili amepatikana. Amepanga vyumba viwili nyuma ya soko, ana cherehani ya miguu, na watu wanamwita Fundi Pindo.

Aliyetoa tangazo hilo ni Fundi Pindo mwenyewe, akiwa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni na povu mpaka masikioni.

"Wamekuchagua wewe?" kinyozi akauliza. Kinyozi huyu ni shemeji yake, kaka wa mkewe, na hajawahi kukosa la kusema. "Kwani watu wameisha?"

"Mchongaji wa makumbusho kaniona kwa macho yake. Alileta koti nimpunguzie mikono, akasimama mlangoni ananitazama ninavyoshona mpaka uzi ukanikatikia. Kaniambia, 'Fundi, nimezunguka mji mzima natafuta mwili kama huo.'"

"Mwili huo?"

"Huu huu. Nyoa vizuri."

Tusimwonee. Mchongaji, mwanamama mwenye udongo wa kudumu kwenye kucha, alimweleza karibu yote: sanamu tano za kusimama kwa mstari, tangu babu wa kale kabisa hadi mtu wa leo, na kila moja ilihitaji mtu hai wa kusimama mbele yake ili aone mifupa inakaaje. Ila Fundi Pindo hakuuliza yeye ni wa ngapi kwenye mstari. Ingekuwa suruali, angeuliza hata mguu upi umezidi. Lakini mwanamume akisifiwa mwili katika umri ule haulizi swali. Anavuta tumbo ndani.

Tena alikuwa na sababu. Cherehani ilimchukua angali kijana, ikamkunja taratibu: mabega yakatangulia, shingo ikatangulia mabega, kidevu kikatangulia shingo, kana kwamba kichwa kina miadi mahali na mwili utafuata baadaye. Mama mkwe alimwona siku ya posa, akatoa hukumu ambayo haijakatiwa rufaa hadi leo: "Binti yangu aliomba mume, akaletewa ndoano." Hulisema hilo mbele ya wageni, na Fundi Pindo hucheka kuliko wote, maana ndoano ikinuna inachekwa mara mbili. Usiku, hata hivyo, hulala chali akijaribu kujinyoosha, na asubuhi huamka amekunjika vilevile, pamoja na shuka.

Sasa makumbusho yamesema. Akamwalika mama mkwe kwenye ufunguzi, kiti cha mbele.

Kwa wiki kadhaa alisimama kwenye karakana ya mchongaji akiwa na bukta tu, mikono ikining'inia. Kila alipojinyoosha alikatazwa.

"Simama unavyosimama siku zote, fundi."

Akaona anasifiwa uasili. Sanamu yenyewe hakuiona. Udongo ulifunikwa kwa matambara mabichi usikauke, na mchongaji hakupenda kazi yake ichunguliwe.

"Kilichotutenga na wanyama wengine ni kuinuka," mchongaji alimwambia siku moja, akikanda bega la udongo. "Tulipoinuka, mikono ikawa huru. Mikono ilipokuwa huru, ukaja ufundi."

Fundi Pindo akalifikiria hilo. Mababu wamehangaika kunyooka mpaka wakapata mikono, mikono ikaunda cherehani, na cherehani ikamrudisha yeye walikotoka wao. Kicheko kikamtoka puani.

"Usicheke, mbavu zinahama."

Kisha mkuu wa makumbusho akasikia kwamba mmoja wa wasimamaji ni fundi nguo, akamwagiza suti ya kumvisha mtu wa leo. "Vipimo vichukue kwa mchongaji," alisema. Fundi Pindo akaitikia kwa adabu tu. Ni nani anayekwenda kwa jirani kuulizia kiuno chake mwenyewe? Alirudi nyumbani, akajipima, akakata kitambaa cha kijivu: nyuma ndefu kuufuata mgongo, mbele fupi, kola imesogezwa kuikuta shingo inakokwenda. Mkewe akamkuta mbele ya kioo.

"Baba Mapacha, unaoa?"

"Naingia kwenye historia."

"Basi pitia dukani, sabuni imeisha."

Asubuhi ya ufunguzi aliingia ukumbini na suti mkononi. Matambara yalikuwa yameondolewa. Mtu wa leo, wa mwisho kwenye mstari, alikuwa kijana mrefu mwenye mgongo kama ubao wa mlango. Aliyesimama kwa ajili yake ni mwalimu wa mazoezi wa shule fulani. Fundi Pindo akarudi nyuma sanamu moja, siye. Akarudi ya pili, siye. Iliyofuata ilikuwa na manyoya yaliyobandikwa kifuani na taya la kutafunia mizizi, na juu ya hayo yote, mabega yake, shingo yake, kidevu chake.

"Huyu..."

"Ni wewe," mchongaji akasema kwa furaha ya kweli. "Sijawahi kupata mgongo mwaminifu namna hii."

Waliijaribishia suti ile sanamu ya kijana. Koti likaishia mbavuni, nyuma likavimba kama gunia, suruali ikasimama chini kidogo ya magoti.

"Fundi," mkuu akauliza, na wageni wakisikika mlangoni, "ulimpima nani?"

Jibu la kujiokoa lilikuwa tayari ulimini: mchongaji kanipa vipimo vibaya. Mchongaji mwenyewe alikuwa anafuta vumbi kwenye kidole cha mguu wa yule babu mwenye manyoya, polepole, kama mtu anayemnawisha mtoto.

"Nilijipima mimi," alisema Fundi Pindo. "Nilidhani wa mwisho ni mimi." Kisha, kwa kuwa hakuna aliyecheka, akaanza yeye. "Leteni huyo mwenye suti yake."

Wakamnyanyua babu kwenye kitako, miguu ikaingia kwenye suruali. Mchongaji akachomoa mikono ya sanamu, akairudisha ndani ya koti. Mtu wa leo akafungwa tambara kiunoni, bado bichi.

Mama mkwe aliingia wa kwanza. Nyuma yake kinyozi alimwona babu, akamwona shemeji yake, akageukia ukutani mabega yakitikisika. Mama mkwe hakucheka. Alimzunguka babu, akapapasa kola, akatafuta mkunjo mgongoni, akaukosa.

"Huyu mkwe wangu," akamwambia mgeni wa pembeni. "Mwenye nguo. Yule mwenye tambara simjui."

Mkuu alikuwa ameandika hotuba kuhusu kuinuka kwa mwanadamu, akaisoma yote, wageni wameketi, wasimamaji wamesimama kando ya sanamu zao. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Fundi, wewe uliyetuazima mwili wako tumwone babu yetu, waambie wageni: ni kitu gani hasa kinachomfanya mwanadamu awe mwanadamu?"

Mama mkwe akasogea mbele kitini. Fundi Pindo, aliyekuwa amejikaza wima tangu asubuhi, akamtazama babu alivyopendeza, akauachia mgongo ukunjike.

"Mkuu," akasema, "kuna kiti kingine?"