Majani ya Chunguni

Damari hachoki kumtazama jirani yake, mfinyanzi wa Matema, akipogoa majani ya ziwani. Huyakata kwa ukucha, chini tu ya kifundo, akachomeka kila kipande mchangani ndani ya chungu kipana cha maji na kukiamkia kama mtoto: “Ugonile!” Hata bibi Mjerumani wa misheni ameomba mbegu. Jana baba mkwe wa mfinyanzi alitokeza ghafla. Kwa mila yao mkamwana hatazamani na mkwewe, na pa kujificha hapakuwapo. Mfinyanzi akazamisha kichwa chunguni, chubwi! Mzee akageuka kwa adabu, ila hakuondoka.

“Lo! Majani yamestawi haya!”

“Baba, pita, atakufa maji!” Damari akapiga kelele, mbavu hana kwa kicheko.

Mzee akapita. Mfinyanzi akaibuka akitweta, majani yakining'inia masikioni.

“Damari, amesema yamestawi?”