Kikapu cha Njugu Mlangoni kwa Monari

Mume wangu Monari hajui kusema uongo kuhusu sinema. Kuhusu mambo mengine anajua, tena sana. Muulize nani alimaliza sukari. Lakini sinema, ng'o! Hata umtishe kwa panga, ikiwa mbaya atakuambia ni mbaya.

Tulihamia Rangwe kutoka Kisii tukiwa bado vijana, akafungua nyumba ya video kando ya soko. Mabati, mabenchi, televisheni moja na spika mbili. Yeye alisimama pembeni na maikrofoni akiwaeleza watu picha kwa Kiswahili, akichanganya na Kidholuo chake cha kuokota sokoni, na wenye lugha yao walicheka hata mahali pa kulia. Mimi nilikaa mlangoni na kikapu cha njugu karanga. Hapo ndipo tulipopata kipimo chetu. Sinema ikiwa tamu hakuna mtu anayetoka, njugu zinabaki kikapuni mpaka mwisho. Ikiwa mbaya, watu wanatoka mmoja mmoja kujinyoosha, na mtu aliyechoka lazima atafune kitu. Monari hakuwa na haja ya kuuliza watu wameionaje. Alifunua kitambaa tu. Akikuta kikapu kitupu, kanda hiyo hairudi tena kwake. Mungu anisamehe, kuna wiki nilikuwa naomba alete sinema mbovu.

Binti yetu Nyatichi alikulia pale mlangoni, miguuni pangu, akichungulia ndani kupitia pazia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akaenda Nairobi kusomea kutengeneza sinema.

Baadaye simu zilikuja, kila mtu akawa na sinema yake mkononi, na nyumba ya video ikageuka duka la mbegu na mbolea. Monari hakuacha kupenda. Nyatichi alikuwa akimletea, kwa flashi, sinema zilizopata tuzo huko duniani, na mzee alizingoja vile mtu anavyongoja mgeni. Anaoga, anavaa shati safi, ndipo anakaa kutazama.

Maskini, yalimkuta. Ya kwanza, mwanamume alitazama dirisha mpaka chai yake ikapoa. Ya pili ilikuwa giza tupu. "Nyakerario," akaniita, "hawa watu walikatiwa stima?" Ya tatu mtoto alipotea, tukakaa saa tatu nzima kumngoja, na hakuna aliyetuambia kama alipatikana. Monari alitazama yale majina ya mwisho yakipanda mpaka yakaisha, akidhani labda mtoto yuko nyuma yao. Nilimwonea huruma, jamani. Hakukasirika hata. Alikaa tu, kama mtu aliyealikwa arusini akarudi na njaa.

"Labda ni mimi nimezeeka," akasema.

"Labda ni wao. Kula chakula."

Basi mwaka jana Nyatichi akapiga simu akilia kwa furaha. Sinema yake mwenyewe imepata tuzo ng'ambo. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kisha akasema anakuja kuionyesha Rangwe, palepale dukani, Jumapili mchana. "Majaji wameshasema, Mama. Sasa nataka Baba aseme."

Ikiwa ni sinema ya aina ile ya dirisha, Monari atamwambia mtoto usoni, mbele ya watu, na mtoto hatakanyaga tena kwetu. Ninaye huyo mmoja tu.

"Monari," nikamwambia, "Jumapili ukiulizwa, sema ni nzuri."

"Na isipokuwa nzuri?"

"Ni ya mtoto wako!"

"Ndiyo maana," akasema. Nilitamani kumpiga na mwiko.

Jumapili tulitoa mbegu zote nje, magunia ya mbolea yakawa viti, madirisha tukayaziba kwa blanketi. Duka lilijaa. Nyatichi alisisitiza nikae mlangoni na kikapu changu kama zamani. Eti bila kikapu si sinema.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Niliwasikia wakicheka, wakipiga makofi. Halafu kukawa kimya, na kimya kikakaa. Nikachungulia. Kuna mama amekaa jikoni anachambua mboga. Anachukua jani, analitazama, analiweka. Anachukua lingine. Mboga zilikuwa kapu zima! Mimi huchambua mboga kila siku ya Mungu na hakuna aliyewahi kunipa tuzo.

Pazia likafunguka. Alikuwa Chrispine muuza samaki, mteja wetu tangu enzi za kanda. "Min Nyatichi," akaniita kwa Kidholuo, yaani Mama Nyatichi, "nipimie njugu."

"Zimeisha."

Akatazama kikapu, kimejaa mpaka kitambaa kimeinuka. "Wuololo! Na hizi?"

"Hizi ni za wageni. Rudi ndani."

Akarudi akinung'unika. Wakaja akina mama wawili, nikawarudisha. Akaja mwalimu wa kwaya, naye nikamrudisha. Kisha pazia likafunguka polepole, akatoka Monari mwenyewe. Miaka thelathini sijamwona mtu huyo akitoka kabla sinema haijaisha. Hakunitazama. Alinyoosha kiganja tu.

"Wewe ndiyo sikupi hata moja," nikamwambia.

"Nyakerario, bado anachambua."

"Na achambue! Rudi ukakae."

Akarudi akiburuta miguu.

Ilipoisha watu walipiga makofi, wakamshika Nyatichi mkono, wakaenda zao. Yeye akaja moja kwa moja kwangu, akafunua kitambaa. Kikapu kimejaa.

"Unaona?" nikasema. "Hakuna aliyenunua."

Monari alikuwa nyuma yake. Akafungua mdomo, nikamkata jicho. Akaufunga. Akaufungua tena. "Kikapu kimejaa," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Maskini mume wangu, alijaribu.

Nyatichi akakaa chini miguuni pangu, hapo pake pa zamani. "Mama, nipimie."

"Nikupimie nini?"

"Njugu. Pale anapochambua mboga huwa nazitamani sana. Nimeitazama mara mia, na kila nikifika hapo naanza kutamani njugu. Majaji wote wakasema hapo ndipo pazuri kuliko pote. Nikadhani labda ni mimi."

"Hata mimi nilidhani ni mimi!" Monari akaruka.

"Baba, wewe ulitoka?"

"Nilitoka. Mama yako akaninyima."

Nyatichi alicheka mpaka akashika mbavu. Monari akavuta gunia, akaketi karibu naye. "Lakini pale mwanzo," akamwambia, "yule mtoto anapochungulia kwa pazia. Hapo hata ungenipa njugu za bure nisingezitaka. Nilitaka kuinuka nimshike mkono."

Hapo ndipo mtoto wangu alipolia, na mimi pia, na njugu zikapata chumvi zaidi. Nikapima vikombe viwili. Walilipa, wote wawili. Jua lilipotua kikapu kilikuwa kitupu, na wao bado wanabishana ile picha ya mboga ikatwe wapi.

Disemba Nyatichi alirudi nyumbani na sinema ileile. Yule mama sasa anachambua majani manne tu, anainuka anakwenda mlangoni. Nilikaa na kikapu changu tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimuuzia Chrispine peke yake, na huyo hutafuna hata matangani.