Goti Langu Mbele ya Hakimu

Jamani, acheni nijicheke mimi kwanza ndipo nanyi mcheke, maana suruali yangu ilipasuka ndani ya korti ya Kakamega, mchana kweupe, na mimi ndiye niliyekuwa nimeishtaki serikali.

Goti hili la kushoto liliumizwa na askari jela nilipokuwa kifungoni, miaka ile ya tisini, na aliyenifanya nishtaki badala ya kulia tu ni mfungwa mwenzangu, Mwalimu Ambani, mzee aliyekuwa akifundisha huko Lugari. Kesi yake mwenyewe dhidi ya serikali ilikuwa imetupwa kwa sababu alikimbilia kortini bila kumpa Mkuu wa Sheria notisi, na badala ya kununa (mimi ningenuna mpaka leo) akaanza kutufundisha seli nzima: notisi kwanza, halafu usubiri mwezi uishe, ndipo ufungue kesi, na ukikosa ada uombe korti ikuruhusu kama maskini. Alitukaririsha mpaka tukawa tunayaota. Nampenda yule mzee, nasema wazi.

Kesi ikaja kusikilizwa nimeshatoka. Nilipoenda jela kumwona Mwalimu, akaniambia jambo moja tu: "Hiyo fimbo yako usiiache. Wewe unapendanga maringo."

Sasa mimi nilikuwa nimeazima suti ya shemeji yangu wa Shieywe, ya kijivu, imenibana kidogo lakini imenikaa, nikajitazama nikaona fimbo inaniharibia, nikamwachia shemeji huko viti vya nyuma. Nikapanda kizimbani nikichechemea kwa madaha, nikaapa, nikaeleza kwamba siwezi kuchuchumaa nikainuka bila kusaidiwa, na wakili wa serikali alikuwa hajapata pa kunishika. Mara nje kwenye baraza askari jela aliyeleta mahabusu akapaza sauti: "Hesabu! Wawili wawili!"

Nikachuchumaa. Haki ya Mungu! Kule jela mnahesabiwa mmechuchumaa, ukisikia neno hilo unashuka kwanza, kufikiri baadaye, basi nikashuka humo humo kizimbani, na suruali ikapasuka kwa mlio uliofika hadi nyuma.

"Mheshimiwa," wakili akaruka, "naomba iandikwe kwamba amechuchumaa bila shida yoyote!"

Nikaona kesi inakwenda, pamoja na jasho lote la mzee. Hakimu, mama mmoja mtulivu, akaandika. Kisha akaniambia, "Haya, inuka."

Sikuweza. Nilishika mbao, nikavuta, wapi! Polisi wawili wakaninyanyua kwa makwapa huku shemeji akinifunika nyuma kwa gazeti (gazeti, jamani!), nami nikalia kwa maumivu na aibu.

"Nani alikwambia uchuchumae?" hakimu akauliza.

"Hakuna, mheshimiwa. Nimesikia hesabu."

Hakimu akainamia daftari lake. Akaandika hilo pia, taratibu.

Nilishinda. Nikaenda kumsimulia Mwalimu, akacheka mpaka akashikilia waya unaotutenganisha.

"Na fimbo?"

"Niliachia shemeji."

"Si nilikwambia!"

Hajamaliza kucheka, askari akaita hesabu, na yule mzee aliyenifundisha kusimama mbele ya serikali akashuka chini, mbele ya macho yangu. Goti langu likaanza kukunjika. Lakini siku hiyo fimbo nilikuwa nayo, nikaiegemea kwa mikono yote miwili, nikabaki wima kwa niaba yetu sisi wawili. Tangu hapo siiachi, hata msalani naenda nayo.