Jina Lililomnyamazisha Mtoto

“Kwenu kuna mtoto aliyewahi kufa mdogo, akililia vidole?”

Nakumbuka mchana niliopewa swali hilo, mwanangu. Nilipewa na muuguzi katika wodi ya watoto, joto likiwa la kusinziza, mapazia ya kijani yakivutwa nje na upepo kisha yakirudi ndani polepole kana kwamba dirisha linapumua. Siku hizo nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu na nilikuwa na jibu la kila kitu, na kwa jambo nisilolijua nilikuwa na simu. Hilo halikuwa kwenye simu.

Kabla hujacheka kwamba nami nimejifanya mzee wa kutoa nasaha: sina mvi hata moja. Lakini kwetu shangazi huzeeka siku ile ile mtoto wa kaka yake anapozaliwa, apende asipende. Basi nivumilie. Nami sikuombi uniamini, maana mimi mwenyewe sijawahi kumwamini mtu kwa sababu tu amenitangulia kuzaliwa. Nakuomba usikilize, kisha uulize.

Nyumbani kwetu ni Muhuru Bay. Kaka yangu Otieno alikuwa ameoa msichana kutoka Kosele, upande wa Homa Bay, na kama ilivyo desturi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Nyar Kosele, binti wa Kosele. Walipata mtoto wa kiume. Jina nilimtafutia mimi kwenye simu: Jayden. Nyanya yetu, tuliyemwita Dani, alilitamka mara moja tu, akakunja uso kama mtu aliyetafuna kokwa.

Likizo ile nilipofika nyumbani, mtoto hakuwa bado na meno, na alikuwa akilia. Si kilio cha njaa. Kilio cha njaa kina hasira, na hiki hakikuwa na hasira. Kilikuwa chembamba na kirefu. Asubuhi ziwa likiamka taratibu ndani ya ukungu, wanawake wakitandaza dagaa wa omena juu ya nyavu mpaka ufuo wote unameta kama fedha, na mbali juu ya maji wingu la vijidudu vya ziwani limesimama kama moshi wa nyumba isiyoonekana, kilio hicho kilipita juu ya vyote. Hata leo nikiona ukungu juu ya maji nakisikia.

Mikono na miguu yake ilikuwa imevimba, minono kama maandazi. Niliandika kwenye simu: mtoto analia, amevimba vidole. Simu ikasema meno. Nikaandika tena, ikasema labda ameumwa na wadudu. Mwenye duka la dawa akatupa dawa ya maji yenye rangi ya waridi. Nilimsomea Dani hayo yote kwa sauti ya mtu anayetoa mhadhara.

“Wewe Polisi,” akasema. Hilo ndilo jina alilonipa tangu utotoni, kwa sababu ya kuhoji watu. “Mtoto anaumwa vidole, simu yako inatazama mdomo?”

Kisha akatueleza ndoto yake. Alisema ameota mtoto ameketi juu ya lile jiwe tunalofulia nguo, na maji hayatikisiki, na hakuna upepo. Mtoto akamnyooshea mikono, akamwambia: Mama, nishikie vidole.

“Huyo wa ndoto alikuwa na kitambulisho?” nikauliza.

Dani akacheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa chake cha kanisani. “Polisi, peleka maswali yako sokoni ukayauze. Hapa tumejaza.”

Kwetu wapo wanaosema mtoto akilia bila kukoma anadai jina. Mmoja wa waliotangulia anataka kukumbukwa, na hatatulia mpaka ajulikane ni nani. Basi wazee hukaa, wanataja marehemu mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atalinyamazia ndilo lake. Dani alikuwa mtu wa kanisa. Alianza kwa Baba Yetu Uliye Mbinguni, kisha akaanza kuwaita wafu. Hakuona mgongano wowote, na nilipomwuliza kuhusu huo mgongano aliniambia nisogee, namzibia mwanga.

Nikasogea. Nikaketi kando ya nyumba, nikaziba masikio kwa muziki wa simu. Niliiona midomo yake tu ikienda, ikipumzika, ikienda. Jua lilikuwa la alasiri, vumbi linaelea, Nyar Kosele amempakata mtoto na amefumba macho. Ilikuwa kama kutazama watu walio chini ya maji. Nikasinzia kidogo. Kilichonizindua ni kwamba mdomo wa mtoto ulikuwa umefungwa.

Nikatoa muziki masikioni. Nyanya Awino, wifi yake Dani, alikuwa akipinga kwa mikono miwili.

“Huyo hapana! Hakuoa, hakuzaa, hakuacha hata kuku. Mtoto haitwi jina la mtu aliyeondoka hivyo.”

“Amenyamaza, hakunyamaza?” Dani akauliza.

“Amenyamaza.”

“Basi ni Odera.”

“Odera ni nani?” nikauliza.

“Alikuwa mtu,” Dani akasema.

“Mtu gani? Alikuwa nani kwetu?”

“Nimekwambia alikuwa mtu. Haitoshi?”

Nilidhani nimeshinda. Nikawaambia kwamba mtoto akichoka hunyamaza. Lau wangetaja masoko na visiwa kuanzia Kosele mpaka Remba, angenyamazia kimojawapo, na leo tungekuwa tunamwita Remba. Sijabadilisha maoni hayo, mwanangu. Bado siamini kwamba marehemu wanapanga foleni kusubiri majina. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami nilikuwa nimeacha mkeka mzima kwa sababu sikupenda maua yake mawili matatu.

Kwa maana kilio kilirudi, tena na homa. Macho ya mtoto yakaingia umanjano. Otieno akatafuta gari, tukampeleka hospitali, na hapo ndipo yule muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya polepole, alipovishika vile vidole kimoja kimoja, akavitazama, kisha akauliza swali lake.

Otieno ndiye aliyejibu.

“Kwetu hakuna. Sisi ni watu wenye nguvu, Sista. Labda uulize huko Kosele.”

Muuguzi akasema anashuku ugonjwa wa damu, selimundu, ule ambao wengi kwetu huuita sikoseli. Damu ya mtoto itapimwa, na ya wazazi wote wawili. Otieno akauondoa mkono wake mezani.

“Mpime mama. Yangu haina shida. Mimi nitamrudisha huyu kwao pamoja na mtoto, hadi mambo yajulikane.”

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kama mtu anayesoma ratiba. Nyar Kosele aliendelea kumpepea mtoto na kona ya leso, wala hakuacha kupepea, ila machozi yalikuwa yakishuka na hakuyafuta. Nikaona jinsi jambo hili litakavyokwenda. Atarudishwa, atakuwa yule aliyezaa ugonjwa. Na mtoto atalelewa mbali na dawa, kwa sababu pale nyumbani tutakuwa tumekubaliana kwamba si wetu.

“Nani kwenu anajua habari za zamani?” muuguzi akaniuliza.

Nikampigia Dani. Mwanangu, simu za Muhuru Bay hazina uzalendo. Mpaka uko karibu, na mtandao hurukia upande wowote unaotaka. Niliambiwa Dani yuko nje ya nchi, naye hajatoka uani. Nikapiga tena na tena mpaka aliporudi Kenya. Nikaweka sauti kubwa ili muuguzi asikie.

Dani akasalimu. Akauliza mtoto ameamkaje, mama yake amekula nini, na huyo mgeni anayepumua karibu na simu ni nani. Muuguzi akajitambulisha, akasalimiwa naye, akaulizwa kwao ni wapi na mvua imenyesha. Mwisho nikasema:

“Dani, yale majina uliyomtajia mtoto. Nitajie tena.”

Nikasikia kuku wa kwetu wakizungumza.

“Polisi, si ulikuwa umeziba masikio?”

“Nilikuwa nimeziba.”

“Haya, zibua.”

Akaanza. Owuor, kaka wa babu, alizama ziwani. Huyo hakuwa wa kulialia. Ogola alizeeka mpaka meno yakamwisha, akawa anatafuniwa nyama. Alikwenda hivyo kwa sauti ya mtu anayepukuchua mahindi, haharakishi. Nyangweso, mtoto wa dada yake babu, alikuwa akilia miguu, macho ya manjano; hakufika shule.

“Ngoja hapo, mama,” muuguzi akasema. “Alilia miguu?”

“Miguu na mgongo. Na Odera. Odera vidole vilimvimba kama vya huyu. Tulisema amerogwa. Wengine wakasema ni meno.”

Nilitazama sakafu.

Wakati huo Nyar Kosele akainama kwenye simu. Tangu tufike hakuwa amesema neno. “Dani,” akasema, “wanasema nimeuleta mimi.”

Kuku wakanyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia. Nilihofu mtandao umeruka tena.

“Otieno yuko hapo?”

“Yupo, Dani.”

“Otieno. Odera alikuwa wa boma hili. Huyo msichana alikuwa bado hajazaliwa, mama yake alikuwa bado hajazaliwa. Umenisikia? Alikuwa wa hapa. Toa mkono upimwe.”

Otieno akaurudisha mkono mezani. Muuguzi akamfunga mpira, na akiwa anatafuta mshipa akatueleza, kwa ile sauti yake ya polepole, kwamba ugonjwa huu hautembei kwa mguu mmoja. Mtoto huupata akirithi mbegu yake kwa baba na kwa mama, wote wawili. Aliyeipata upande mmoja tu huibeba maisha yake yote bila kuumwa, wala hajui. Majibu yalipokuja, ndivyo ilivyokuwa: Kosele ilitoa nusu, Muhuru Bay ikatoa nusu. Nami nilipopimwa baadaye, nikakuta nusu hiyo ninayo.

Otieno hakuomba msamaha. Si mtu wa maneno. Tulipokuwa tukitoka alimbeba mtoto yeye mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi sana mbele za watu, akamzibia jua kwa kofia yake. Nilipouliza tuandike jina gani kwenye kadi ya kliniki, Nyar Kosele ndiye aliyejibu.

“Odera. Hilo la simu mtampa mwingine.”

Odera yuko sekondari sasa. Hutembea na chupa ya maji kama askari na bunduki, hulala ndani ya chandarua, hunywa dawa zake kila siku, na baridi ikija huvaa sweta bila kuambiwa. Zipo siku mbaya, sitakuficha. Zipo siku mifupa humwuma tukakesha naye. Lakini siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya, na katika siku hizo hunihoji mpaka nikachoka. Lile jina la Polisi nimemwachia.

Sasa nasaha yenyewe, mwanangu, maana sikukuita bure. Simu ni chombo kizuri, iulize. Ila inajua watu wote kwa pamoja, wala haimjui hata mmoja wa kwenu. Waulize na wazee walio hai: nani alikufa mdogo, alilia wapi, alivimba nini, mlisema ni nini. Ukitaka kubishana nao kuhusu ndoto, bishana, mimi nilibishana. Lakini uwe umesikiliza kwanza, masikio yakiwa wazi. Ukimpenda mtu, nendeni mkapime damu zenu kabla ya harusi, mkijua si mtihani wa kufaulu au kufeli. Na ugonjwa ukiingia nyumbani, usitafute mwanamke wa kuurudishia kwao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimewahi kupinga methali nyingi, hiyo imenishinda.

Damu yako ipite kwa amani, mwanangu, kama maji ya ziwa asubuhi isiyo na upepo. Uwe na watu wanaojua majina ya wafu wako, na nyumba yako isikose wa kusema, ni wa hapa.

Dani amekwisha kulala. Jioni ya mazishi yake, watu wakianza kutawanyika, Nyanya Awino alinivuta kando akanisimulia jambo ambalo Dani hakuwahi kulitamka, wala siku ile kwenye simu. Alisema Dani naye, akiwa mke mpya katika boma letu, alirudishwa kwao kwa kosa la kuzaa mtoto mgonjwa, akakaa huko mpaka babu alipomfuata. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa kifungua mimba wake, na jina lake lilikuwa Odera.